Kalibu Haisahau

Kizota, Jumanne, saa moja asubuhi.
Tumegonga kabari pande nne,
tumepuliza hewa ukingoni,
kalibu ikaguna, ikaachia,
ikakaa chini kama sufuria iliyofudikizwa.
Hapo ndipo nilipoona.

Matundu, ya ncha ya sindano,
yametapakaa upande mmoja mzima.
Konani ngozi imekunjamana
kama utandu wa maziwa.
Na karibu na ukingo, penye kung'aa zaidi,
macho: vidimbwi vya duara
ambamo jelikoti ilikataa kulala,
ikajivuta pembeni kama mtu aliyenuna.

Wiki tatu. Ndoo mbili za rezini.
Mama Chilewa wa Mpunguzi anataka mapipa sita
kabla zabibu za Agosti hazijaiva.
Na tundu la kalibu ni chunusi ya pipa;
chunusi ikikutana na brashi ya kuoshea
huwa kidonda, machicha hulala humo,
mvinyo unaota siki ungali mchanga.

Ndahani kimya. Sikumgombeza.
Ukigomba mapema, kosa hujificha.
Nikawasha tochi, nikailaza ubavuni;
mwanga wa juu hubembeleza,
wa ubavuni husema.

Nani alikoroga?
"Mimi. Kwa dreli, ili tuwahi."
Dreli hutia hewa, mwanangu,
hii si mayai ya keki.
Kijiti, polepole,
ukikwangua kuta na kitako cha ndoo.

Mikunjo ilikuwa yangu.
Asubuhi ya Julai hapa Dodoma ina meno;
nilipima kichocheo kwa mazoea ya Oktoba,
konani nikapaka nyembamba,
nikagusa, ikanipaka kidole,
nikajiambia: inatosha.
Rezini ya juu ikaikuta mbichi, ikaila.
Nimeandika ukutani kwa mkaa, kijana asome:
HILI NI LA FUNDI.

Yakabaki macho.
Nta? Kopo lilelile la siku zote.
Kompresa? Tuliipulizia karatasi nyeupe,
ikabaki nyeupe.
Vumbi? Vumbi huacha punje, haliachi dimbwi.
Nikayahesabu. Manne yamepangana,
la tano limejitenga, juu ya ukingo.
Nikayafunika kwa vidole vyangu.
Hayakunitosha. Mkono ule ulikuwa mdogo.

"Ndahani, lete mkono."

Uling'aa. Upepo wa huku
hupasua vifundo, huchana visigino,
na mama yake hamruhusu kutoka
na ngozi ya jivu kama mtoto asiye na kwao.
Mafuta ya mgando kila alfajiri, hadi viwikoni.
Siku ile aliinama ndani ya umbo la mbao
kufuta vumbi, kwa bidii,
akajishikiza.

Nilitafuta neno kali, nikalikosa.
Nikasema: nyumbani jipake.
Hapa mlangoni pana sabuni, na glavu.

Kisha kazi.
Tundu dogo hulijazi kabla hujalipanua,
nalo hilo lilimshangaza:
alinitazama nikichimba kwa ncha ya dreli
mahali nilipotaka pawe laini.
Mficha uchi hazai, nikamwambia,
na hii inatakiwa kuzaa mara sita.
Tukajaza, tukasubiri jua lipande,
tukasugua kwa maji, msasa wa mia nne,
wa mia sita, wa elfu,
hadi maji meupe yakatuchirizikia miguuni
na Ndahani akaona meno yake kwenye kalibu.

Jicho la dole gumba tuliliacha.
Liko ukingoni, mvinyo haufiki.
Siku zilikuwa zimekwisha, basi.

Mama Chilewa alikuja na kirikuu cha kukodi.
Akapitisha kiganja ndani ya kila pipa,
taratibu, kama anayepapasa tumbo la mbuzi mwenye mimba.
Pipa la kwanza, akagusa kiupele ukingoni.
La pili, kipo. La tatu, palepale.
Akageuka: "Hii ni alama yenu?"

Ndahani akatia mikono mfukoni.
Nikasema ndiyo.